Wagumu wa Bwawa la Chini

Bwawani, 3 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila natanguliza kuitikia nisije nikasahau. Ile simu uliyoniletea imelala kabatini. Masikio yangu hayaisikii ikilia, na herufi zake ni ndogo kama mayai ya dagaa. Tuendelee na karatasi. Dereva wa lori la maziwa hanidai kitu zaidi ya soga, ingawa soga yenyewe siisikii.

Samaki wa maabara yenu ndio hao kwenye ndoo za bluu. Uliniandikia kwamba kituo mnachonunulia siku zote kimepatwa na ugonjwa wa ukungu, ukaniomba nikuokoe. Nimekuokoa. Nimechagua mwenyewe, mmoja mmoja, kwa wavu wa mkono. Si wachanga sana kama ulivyotaka, lakini ni wagumu. Hao hata ukiwatia kwenye supu wataomba kijiko.

Sasa lililonisukuma kuandika. Kiwanda cha rangi kilichoko juu yetu kinaomba kibali. Maji wanayooshea mapipa, yale yenye mafuta ya kuyeyushia rangi, mpaka leo wanayaweka kwenye shimo nyuma ya ukuta wao. Shimo limejaa, na sasa wanataka kuyamwaga kwenye kijito. Kijito hicho ndicho kinacholisha mabwawa yangu mawili ya chini. La juu linakunywa chemchemi, halina neno, lakini ni dogo kama sinia.

Meneja wao alituambia mkutanoni, jirani akiniandikia kwenye karatasi, kwamba wanasubiri maabara ya mjini ipime. Nikajua ni nyinyi. Watu walipiga kelele, mimi nikatulia, wakadhani sijasikia. Basi pima, kisha niambie kweli kama nina mabwawa au sina. Hii mbegu ya perege nimeichambua tangu ukiwa mtoto wa kuvaa kaptula ya kaka yako, ndiyo iliyokusomesha, na sina kazi nyingine ninayoijua.

Mjomba wako


Mjini, 19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Samaki walifika salama, hata mmoja hakugeuka tumbo. Tumewaweka kwenye maji safi wiki mbili wapumzike na safari, ndio utaratibu. Kwa kawaida wachache hufa kwenye mapumziko hayo. Wa kwako hakufa hata mmoja. Mkuu wangu, yule tunayemwita Bwana Desimali kwa sababu hawezi kutaja umri wa mwanawe bila kuweka nukta, aliinama akawatazama, akauliza wametoka kwa nani. Nikasema kwa mfugaji mmoja huko nje. Sikusema mjomba. Hapa ukisema mjomba, watu wanasikia kujuana.

Alisema ni wakubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akaacha, maana hatuna wengine. Akauliza pia kama huko walikotoka kuna samaki waliokufa hivi karibuni, kwa kuwa hatupimi kwa samaki waliotoka msibani. Nikajibu hakuna. Sikuona haja ya kukuuliza. Wewe samaki akikohoa tu nchi nzima inajua.

Jumatatu tunaanza. Nitapanga matangi saba ya kioo. Moja litakuwa na maji matupu, mengine yatiwe maji ya kiwanda, kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena. Samaki kumi kila tangi, hawalishwi, siku nne. Asubuhi na jioni nitawahesabu walio hai na waliokufa. Tunatafuta kile kiwango kinachoua nusu yao. Kikiwa kidogo, basi maji yale ni sumu kali na kiwanda hakipati kibali. Juu ya kila tangi naweka kifuniko cha kioo, kwa sababu mafuta yale ni mepesi na huruka hewani. Nikiacha wazi nitakuwa nimepima harufu ya chumba.

Nitakuambia nitakachokiona, kiwe kitamu au kichungu. Na samaki wako usiwahofie, nawatunza kama wageni.

Mpwa wako


Bwawani, 24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba tena. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa miwani. Kwa hiyo wanangu wanafanya mtihani. Vizuri. Wao hawamjui meneja wala hawamwogopi. Maji yakiwa mabaya watasema.

Umeeleza mambo mengi ila hukueleza wakishamaliza siku nne wanakwenda wapi. Kuna mmoja mwenye pezi lililochanika, namwita Kibaka, anapora chakula cha wenzake mdomoni mchana kweupe. Akimaliza kazi mrudishe na lori. Nilimtia kwenye ndoo kwa haraka, nikajuta gari lilipoondoka. Nacheka peke yangu kuandika hivi, mzee mzima anadai samaki mmoja, lakini mrudishe.

Huku mvua imekata. Watu wa kiwanda wameshaleta bomba, wamelilaza kando ya kijito, linasubiri tu amri.

Mjomba wako


Mjini, 4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilikuwa nimekuandalia maneno ya pole, sasa sijui niyapeleke wapi. Samaki wako hawakufa. Siku ya kwanza nilisema ni mapema. Siku ya pili nikakagua kama vifuniko vimekaa sawa, nikavikaza. Siku ya nne, kwenye tangi kali kuliko yote, walikufa watatu tu. Nusu hatukuipata popote. Kwenye tangi la maji matupu hakufa hata mmoja, maana yake jaribio halina dosari.

Bwana Desimali amesaini. Anasema maji yale yana madhara madogo na kijito kitayachanganya. Kibali kitatoka wiki hii. Nimekaa nikiangalia namba zile nikitafuta pa kuzishika, nimekosa. Mafuta ya namna hii huwa yanawapiga samaki mapema, wanayumba kama walevi kabla ya siku ya kwanza kwisha. Hawa waliogelea tu. Labda nilikuwa natafuta ubaya kwa sababu kijito ni chako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: una mabwawa. Endelea na kazi yako. Kibaka ni mzima, yuko kwenye tangi kubwa, ila utaratibu hauniruhusu kumrudisha. Anasalimia.

Mpwa wako


Bwawani, 17 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Barua yako niliisoma kwa sauti bwawani, maana mwenyewe sisikii lakini wao wanasikia. Siku ileile nilifanya kazi niliyokuwa naiahirisha tangu mwaka jana. Nimewahamisha mama zao, wazazi wote wa ile mbegu, kutoka bwawa la juu kwenda la chini wapate nafasi. Kule juu walikuwa wamebanana kama abiria wa sikukuu. Wamebaki vifaranga tu.

Bomba limefunguliwa wiki iliyopita. Harufu ipo, kama nyumba iliyopakwa rangi jana, lakini umeshasema na mimi sibishani na msomi wangu. Samaki wanakuja juujuu kuvuta hewa asubuhi. Nadhani ni joto.

Nilijua hawatakuaibisha. Sasa naweza kukuambia. Ile mvua kubwa ya Januari, bwawa la chini lilinigeuka. Niliamka nikakuta matumbo meupe kutoka ukingo hadi ukingo. Nilisema ni maji ya mvua yamekosa hewa. Nikawatoa kwa toroli, nikawazika nyuma ya banda kabla jirani hawajaamka. Walibaki wachache wanaoogelea kana kwamba hakuna lililotokea, Kibaka akiwa wa kwanza. Nikajiambia, hawa ndio wa kumpelekea mtoto. Ukitafuta wagumu, hakuna wagumu kuliko hao.

Umeona akili ya mjomba wako?

Mjomba wako


Mjini, 19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Funga lango la maji. Kabla hujasoma mstari unaofuata, nenda kafunge lango la maji la mabwawa ya chini, kisha urudi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikaishia kukaa kwenye ngazi. Wale samaki wa Januari hawakukosa hewa. Mvua ile ilijaza shimo la kiwanda likafurika hadi kijitoni. Bwawa lako lilishafanya jaribio kabla yangu, wakafa waliokuwa wa kufa, na wewe ukanitumia waliofaulu. Ni kama mtu anayetaka kujua gunia lina uzito gani, akaenda kuwauliza makuli peke yao. Watamwambia ni jepesi, na hawatakuwa wamesema uongo. Ningepewa samaki wa kawaida, namba zile zingekuwa nyingine kabisa, na bomba lile lisingefunguliwa.

Nimekukasirikia, Mjomba. Kwa nini hukusema? Halafu nakumbuka niliulizwa swali hilohilo, mimi nikajibu "hakuna" bila kukuuliza. Kwa hiyo hasira yangu inazunguka inarudi kwangu.

Jaribio lazima lirudiwe. Kituo bado kina ukungu, hakitauza mpaka Juni. Nahitaji vifaranga wa rika moja, wadogo, ambao hawajawahi kugusa maji ya kijito hata tone. Wa kutosha matangi yote saba, kumi kumi kama mwanzo. Wewe tu ndiye unao, kwenye bwawa la juu.

Lakini sitaki uvue kabla hujajua. Hawarudi. Wanaokufa wanakufa, na wanaobaki tunawaua wenyewe kwa dawa ya usingizi, kwa sababu hatuwezi kuwaachia majini wakiwa na mafuta mwilini. Kibaka alikufa mkononi mwangu. Barua yako ya kumwombea ilifika akiwa ameshatupwa. Nilishindwa kukuandikia hivyo, nikakuandikia kwamba anasalimia. Nisamehe, na tafadhali usichague unaowapenda.

Mpwa wako


Bwawani, 22 Machi

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako kutwa nzima bila kujibu ili nisikutukane. Sasa ni siku ya pili na bado kidogo nikutukane.

Mimi nawauza samaki watu wakawakaange. Sijifanyi malaika. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba wanakufa, ningekuuliza ni kwa kazi gani, ukanijibu, yakaisha. Lakini nilikuomba mmoja. Umeandika anasalimia. Mimi nikaenda kuwafikishia wenzake salamu zao. Umenifanya mjinga mbele ya samaki, mtoto wewe.

Basi. Nami niseme yangu. Niliona aibu. Mfugaji ambaye bwawa lake limegeuka ni sawa na mwalimu ambaye darasa zima limefeli, watu wanaanza kumtazama mikono. Ulikuwa umeniamini na samaki wa maabara yenu, nikaogopa utaniacha. Nilikuchagulia wagumu kwa kukupenda. Sikujua kwamba nachagua meneja ashinde.

Lango nimelifunga. Mabwawa ya chini yako sawa na mama zao wako sawa, usikeshe kwa ajili yangu. Vifaranga ndio hao, wote wa rika moja, wadogo kama kidole cha mtoto, hawajaonja kijito. Usiogope kuwatumia, huku wapo tele. Safari hii sikuchagua. Nilifumba macho nikazamisha wavu.

Na usimwambie huyo Desimali kwamba mimi ni mjomba wako. Mwambie ni mzee fulani asiyesikia, alichanganya mabwawa. Mimi nikiitwa mzembe sina bosi wa kunifukuza. Wewe unaye.

Mjomba wako


Mjini, 16 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Wamekufa. Sijui niandike vipi kwa sababu nimefurahi, na nimelia kwa sababu nimefurahi. Niliwapumzisha wiki mbili, wakafa watano kwenye mapumziko, waliobaki nikawapanga matangini asubuhi. Kufikia saa sita mchana kwenye matangi makali walikuwa wameanza kuogelea ubavu, wanagonga kioo, wanazunguka. Jioni hapakuwa na wa kuhesabu. Hata kwenye tangi lenye maji kidogo kabisa ya kiwanda, lile ambalo wale wagumu waliliogelea kama maji ya chemchemi, siku ya nne walikuwa wamebaki wanne. Kwenye maji matupu walikuwa wazima wote kumi, wanakimbizana. Hao nao ilibidi niwaue. Nilifanya mwenyewe, sikumwachia mtu.

Nilimwambia Bwana Desimali kila kitu, na la mjomba pia. Najua ulinikataza. Lakini angeuliza tena samaki hawa wametoka wapi, na mimi nimechoka kujibu kwa ufupi. Alivua miwani. Kisha akaandika barua ya kuifuta ripoti yake mwenyewe yenye saini yake mwenyewe. Sikutegemea. Mimi nimetolewa kwenye chumba cha samaki, naosha chupa mpaka watakapoamua. Siyo mbaya, maji ya moto yapo.

Sikiliza sasa. Kibali kimefutwa. Amri ya kufunga bomba imetoka jana na ofisa ataileta kiwandani mwenyewe. Mafuta haya yana wema mmoja, ni mepesi, hayakai. Maji yakitiririka wiki moja hivi kijito kitakuwa kimejisafisha. Nilipita kwa mwenzangu anayepima maji, ameniahidi kuja kuchukua sampuli na kukuandikia kwa herufi kubwa.

Ofisa akishakuambia, fungua lango. Wape mama zao maji mapya. Wataanza kutaga, utakuwa na vifaranga kabla ya mwisho wa mwaka. Nikipata likizo nitakuja nikusaidie kuwahamisha, na safari hii niwaone wakikua. Tumeyaokoa mabwawa yako, Mjomba. Sisi wawili na wale wadogo.

Mpwa wako anayekupenda


Bwawani, 25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante. Bomba limefungwa. Ofisa alikuja na fundi, wakaliziba kwa sementi mbele ya meneja, watu wakashangilia kiasi kwamba hata mimi nilisikia kitu. Wamenibeba begani, fikiria, na mgongo huu. Mwenzako wa sampuli naye alifika juzi, akaniandikia ukutani kwa chaki: MAJI NI SALAMA. Herufi kubwa kweli, kama za duka.

Kwa hiyo kazi yako umeifanya vizuri. Hilo nalisema kwanza, na ulishike, kwa sababu yanayofuata si lawama.

Nilipokwenda kufunga lango, siku ile ya barua yako, nilikuwa nimechelewa. Walikuwa wameshaanza kuyumba tangu alfajiri. Mama zao walikaa siku mbili. Wao ni wakubwa, wana nguvu, hawakufa haraka, na ningependa wangekufa haraka. Niliingia majini nikawa nawashika mmoja mmoja nikiwainua uso kwenye hewa, kana kwamba hiyo inasaidia. Ngozi ya miguu imebabuka kidogo, inapona. Nilikuandikia kwamba wako sawa wakati toroli liko mlangoni limejaa.

Na vifaranga nao hawakuwa tele. Waliokuwa bwawa la juu ndio wale niliokutumia. Nilifumba macho nikazamisha wavu, hilo ni kweli, lakini nilizamisha mpaka wavu ukawa unatoka mtupu. Ulitaka kumi kumi, matangi saba. Nilihesabu, wakatimia, wakazidi watano. Niliwashika wale watano kwenye bakuli nikatafakari. Halafu nikafikiri, njiani kuna joto, wakifa wachache tangi moja litapungua, na Desimali atasema jaribio halijatimia, na bomba litaendelea. Nikawatia na wao.

Ningekuambia ukweli usingewapokea. Nakujua. Ungeyaacha maji yaendelee kuwa machafu ili unibakizie hao vifaranga. Kwa hiyo nilikudanganya, na safari hii siombi msamaha.

Naumia. Nisikufiche hilo, tumeshafichana vya kutosha. Asubuhi naamka na ndoo ya chakula mkononi, nafika ukingoni, ndipo nakumbuka. Kuna mbegu nyingine kwenye kile kituo chenu, najua, na mwezi Juni watauza. Lakini ile niliichambua miaka yote hiyo kwa mikono hii, na miaka yenyewe sina tena.

Lango nimelifungua kama ulivyosema. Mabwawa yote matatu yamejaa, na maji yametulia, unaona mpaka chini. Jana mama wa nyumba ya pili alikuja na beseni lake. Akaniandikia kwenye kiganja cha mkono, maana ananijua, akauliza kama anaweza kufulia humo, kwa kuwa maji sasa ni safi na hakuna atakayemsumbua. Nilisimama pale nikitafuta sababu ya kumkatalia, nikaikosa.

Mjomba wako